Kiyoyozi chako, joto la nani?

MWEZI wa Februari jijini Dar es Salaam hauhitaji kuelezwa kwa mtu aliyepata kulala chini ya bati. Upepo wa kaskazi umelegea, mvua za masika hazijaingia, na bati lililopikwa tangu asubuhi linaendelea kutema joto mpaka usiku wa manane. Mtu mzima anageuza mto mara tatu kutafuta upande wenye ubaridi. Watoto wanahamia sakafuni. Anayeamka kwa ajili ya tahajudi, mara nyingi hakuamshwa na uchamungu, kaamshwa na jasho.

Mwaka juzi, katika mwezi kama huo, mama yangu alikuja kukaa kwangu kwa ajili ya matibabu ya presha. Miguu inavimba, usingizi hapati, na pangaboi la chumbani linamzungushia hewa ile ile ya moto. Usiku wa nne nikamkuta amekaa kitandani na kanga iliyolowa maji mabegani. Asubuhi yake sikwenda kazini. Nilikwenda dukani nikanunua kiyoyozi, kile ambacho mafundi wanakiita "elfu kumi na mbili", yaani cha BTU 12,000. Fundi alikuja alasiri, akatoboa ukuta, boksi moja akalitundika ndani na jingine nje, kwa nyuma, kwenye kichochoro. Usiku ule mama alilala mpaka alfajiri. Nami nililala nikimshukuru Mwenyezi Mungu, nikijiona mtoto niliyetimiza wajibu.

Kichochoro chenyewe hakizidi hatua mbili. Ng'ambo yake kuna dirisha la jirani yetu, mama wa makamo tuliyezoea kumwita Shangazi, anayelala chumba hicho na wajukuu wawili. Baada ya wiki moja alikuja na kisahani cha visheti, akamjulia hali mama, akazungumza habari za mtaani, na alipokuwa anavaa kandambili zake mlangoni akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hicho kidude chako kinahema dirishani kwangu usiku kucha. Nimefunga dirisha, lakini nikifunga watoto wanaungua." Akaondoka. Hakupandisha sauti, wala hakwenda kwa mjumbe.

Ndugu msomaji, jibu la kwanza lililonijia kichwani ninalikumbuka vizuri na linanitia haya. Nilijisemea kwamba ukuta ni wangu, umeme nalipa mimi, na mama ni mgonjwa. Yote matatu ni kweli. Ilinichukua siku kadhaa kuona kuwa hakuna hata moja katika hayo linalomjibu Shangazi.

Tatizo letu linaanzia kwenye kutojua tunanunua nini. Tunadhani kiyoyozi kinatengeneza baridi kama mwokaji anavyotengeneza mkate. La hasha. Kinachofanyika ni kuhamisha joto. Gesi iliyo ndani ya mabomba hupita kwenye boksi la chumbani ikanyonya joto la chumba, ikavutwa mpaka kwenye kompresa iliyo katika boksi la nje, ikabanwa mpaka ikawa ya moto kuliko hata hewa ya nje, ikalitema joto lile, ikarudi kuwa majimaji, na safari ikaanza upya. Mwenye friji apeleke mkono wake nyuma ya friji ataelewa nasema nini. Ile joto ya nyuma ndiyo iliyotolewa kwenye maji na mboga za ndani, ikaongezewa na ya mota yenyewe.

Sasa tupige hesabu. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kikifanya kazi kwa nguvu zake zote kinatoa chumbani joto la takriban wati 3,500. Ili kuifanya kazi hiyo kinakula umeme wa wati kama 1,000, na umeme huo nao mwishowe unakuwa joto. Jumla ni wati 4,500 zinazotemwa nje. Pasi ya kawaida ya umeme ni wati 1,000. Kwa hiyo mimi, mtoto mwema, nilikuwa nimewasha pasi nne na nusu mbele ya dirisha la Shangazi, na feni ya kumpulizia. Ni kweli kwamba chumba kikishapoa kompresa inapumzika au inapunguza kasi. Lakini katika usiku wa Februari, chini ya bati, mapumziko hayo ni machache.

Wala si mambo ya kichochoro kimoja tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walionyesha mwaka 2014 kwamba katika jiji la Phoenix, joto linalotemwa na viyoyozi peke yake lilipandisha joto la usiku kwa zaidi ya nyuzi moja ya Selsiasi katika baadhi ya sehemu za mji. Yaani viyoyozi vinawasha mji, mji unadai viyoyozi zaidi. Na asiye na uwezo wa kununua anapata upande mmoja tu wa biashara hiyo, upande wa nje.

Wapo watakaosema: basi dawa ni kuviacha, maana ni israfu, ni anasa za wakubwa, wazee wetu waliishi bila hivyo. Maneno haya nimeyasikia hata kutoka kwa watu ninaowaheshimu, na sikubaliani nayo. Joto linaua. Katika Hija ya mwaka 2024, ambapo joto Makka lilipita nyuzi 50, serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kuwa mahujaji 1,301 walifariki, na kwamba asilimia 83 yao ni wale walioingia bila vibali. Wengi wa hawa walitembea masafa marefu juani bila pa kujistiri, kwa sababu mahema yenye viyoyozi ni ya wenye vibali. Chicago, Julai 1995, joto la siku chache liliondoka na roho za watu zaidi ya 700, wengi wao wazee waliokuwa peke yao kwenye vyumba vilivyofungwa. Mtu aliyeyaona hayo hawezi kuwaambia mgonjwa wa presha, mzee, mjamzito au mtoto mchanga kwamba ubaridi ni kiburi. Haja ya mama yangu ilikuwa haja ya kweli.

Na haja ya wajukuu wa Shangazi nayo ilikuwa haja ya kweli. Hapo ndipo swali lilipo. Kupata ubaridi ni halali yangu. Je, ni halali yangu kuupata kwa kumpa mwingine joto ambalo hakulinunua, hakuulizwa, na hana pa kulipeleka?

Mafundisho ya Mtume (s.a.w.) juu ya jirani kila mmoja wetu ameyasikia kwenye hotuba za Ijumaa, sina haja ya kuyarudia. Iko hata riwaya mashuhuri inayokataza kuinua jengo likamzibia jirani upepo bila ya idhini yake. Wataalamu wa hadithi wameidhoofisha sanadi yake, na ni uaminifu kulisema hilo. Lakini suala lenyewe halikuachwa kwenye riwaya moja. Katika karne ya 14 alikuwako Tunis muashi mmoja, Ibn al-Rami, ambaye makadhi walikuwa wakimtuma kwenda kukagua nyumba zenye mashtaka. Akaandika kitabu kizima cha hukumu za majengo. Humo mna moshi wa matanuri na hamamu, mna harufu za watengeneza ngozi, mna mtikisiko wa vinu unaopasua kuta za watu. Na mafakihi wa Kimaliki, ambao yeye alifuata njia yao, walitofautisha: moshi wa jiko la nyumbani jirani anauvumilia, kwa sababu hakuna nyumba isiyopika. Moshi wa tanuri la biashara ni jambo jingine.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, walimpa mwenye milki nafasi pana zaidi: atumie chake, maadamu havuki ada ya watu. Na ile Majalla ya dola ya Uthmaniya, iliyoandikwa kati ya 1869 na 1876, ilimzuia mtu kufanya kwake jambo lenye madhara makubwa kwa jirani, ikatoa mfano wa karakana ya mhunzi. Lakini haikuhesabu kumzibia jirani upepo kuwa ni madhara ya aina hiyo. Nathubutu kusema kwamba walioiandika waliishi Istanbul. Hawakulala Ilala mwezi wa Februari.

Kiyoyozi kiko wapi katika mizani hii? Ni moshi wa jikoni au ni karakana ya mhunzi? Mimi siye mufti na sitoi fatwa. Maoni yangu ni kwamba kinaweza kuwa chochote kati ya hivyo viwili, na kinachoamua ni mambo matatu: haja iliyo ndani, kiasi kinachotemwa, na uso wa boksi umeelekea wapi. Cha mgonjwa, kwenye chumba kimoja, kilichowekwa nyuzi 26, ni moshi wa jikoni. Kijana mzima wa afya anayekiweka nyuzi 16 kisha akajifunika blanketi huyo amefungua karakana. Na kuhusu ada ya watu, ada nayo hubadilika. Zamani mtaa mzima ulikuwa na boksi moja. Leo ziko nyumba zenye maboksi sita, na kila moja linasema "mimi ni mmoja tu".

Kwa hiyo mtu akitaka kuchagua namna ya kupoza nyumba yake, nadhani swali la aina, bei na rangi ya rimoti lije mwisho. Swali la kwanza ni: joto hili linaingiaje humu? Mara nyingi jibu liko juu ya kichwa. Bati lisilo na silingi ni jiko. Bati lenye silingi, lakini bila matundu ya kutolea hewa kwenye dari, ni jiko lenye kifuniko. Bati lililopakwa rangi nyeupe linarudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijawa joto la nyumba, na kazi hiyo inafanyika mara moja, haisubiri umeme. Kisha madirisha. Sijui nani alitushawishi tung'oe madirisha ya mbao yaliyofunguka yote tukaweka ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo ukilifungua kabisa linakuwa limefunguka nusu. Upepo wa kusi unagonga kioo unarudi zake baharini. Tukaongeza ukuta wa uzio mrefu kuliko dirisha, upepo ukakata tamaa.

Wazee walilijua hili. Nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati, mlango wa mbele ukitazamana na wa uani, ilikuwa inavuta upepo kama bomba. Majumba ya Mji Mkongwe na Lamu yalijengwa kwa kuta nene za mawe na chokaa, zinazochelewa kupata moto, na vichochoro vyembamba ambavyo jua haliviingii ila saa chache. Sisemi turudi huko. Boriti za mikoko zilivilazimisha vyumba kuwa vyembamba, mwanga hafifu, na wezi na mbu wa leo hawaruhusu kila mtu kulala milango wazi. Lakini wale walijua kupoza nyumba bila kumchemsha jirani. Kichochoro ambacho wao walikifanya chembamba ili kiwe na kivuli, sisi ndicho tunachotundikia kompresa.

Baada ya bati na dirisha linakuja feni, ambalo tumelidharau bure. Pangaboi linakula wati 60 au 75. Likizunguka saa 8 kila usiku, kwa mwezi ni uniti 14 mpaka 18. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kwa saa hizo hizo, hata kikipumzika pumzika, kitakula uniti 150 na kuendelea. Feni halishushi joto la chumba, linakausha jasho mwilini, na kwa mtu mwenye afya njema mara nyingi hilo linatosha. Kwa mama yangu halikutosha, na kwa ajili ya watu kama yeye kiyoyozi kina nafasi yake. Mwenye kununua basi anunue cha inveta, kinachopunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka, kidogo kwa chumba kimoja, na amuulize fundi gesi iliyomo. Gesi ya R-410A ikivuja hewani inatega joto la dunia takriban mara 2,000 kuliko uzito ule ule wa kaboni dayoksaidi. Ya R-32 ni kama theluthi ya hiyo. Ndiyo maana mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, Oktoba 2016, yakakubaliana kuzipunguza gesi za jamii hii hatua kwa hatua. Fundi anayefungua bomba la kiyoyozi kikuukuu akaiachia gesi "itoke tu" anampelekea joto jirani wa mbali zaidi, mkulima asiyejua hata kiyoyozi kina sura gani.

Nimetaja uniti, na hapo pana jambo ambalo halizungumzwi kwenye mawaidha ingawa linavunja udugu katika nyumba nyingi za kupanga. Nyumba ina wapangaji sita na LUKU moja. Wanachanga sawa kwa sawa. Mmoja ana taa na redio, mwingine ana friji, na sasa mmoja kaleta kiyoyozi. Wote wanaendelea kuchanga sawa, kwa sababu mwenye kiyoyozi ndiye mwenye sauti, na muuza maandazi wa chumba cha uani anaona haya kusema. Je, huyu halali kwenye ubaridi ulionunuliwa kwa maandazi ya mwenzake? Kuna na hili: bei ya nafuu ya umeme kwa watumiaji wadogo ina ukomo wa uniti 75 kwa mwezi. Nyumba iliyokuwa inajibana ndani ya ukomo huo inatolewa na chumba kimoja, na nyumba nzima inalipa. Mita ndogo ya pembeni haina gharama kubwa. Anayejua anatumia zaidi ndiye aanze kuitaka yeye, asisubiri kudaiwa.

Hata misikitini mwetu, tusijifiche. Nimeswali katika msikiti mmoja hapa mjini ambao ukumbi wa wanaume umepozwa vizuri sana, mashaallah, na maboksi yote ya nje yamepangwa upande wa uani, juu ya sehemu wanayoswalia akina mama. Aliyeyapanga hakukusudia ubaya. Alitafuta mahali ambapo hayaonekani. Na kwa kweli ndivyo joto letu linavyokwenda siku zote, kwa watu ambao tumeshazoea kutowaona.

Walioko nyanda za juu, Njombe na Makete, wanaweza kudhani haya hayawahusu kwa kuwa shida yao ni baridi. Yao ni kinyume cha yetu, na ni hatari zaidi. Sisi tunatupa madhara nje. Anayeingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa Julai na kufunga madirisha anayafungia madhara ndani, pamoja na wanawe. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, inaua mtu usingizini. Huko bora blanketi la pili na jiko libaki nje.

Narudi kwa Shangazi. Nilimwita fundi tulihamishe boksi. Alinung'unika kuhusu urefu wa bomba na gesi ya kuongeza, na bei aliyotaja ilikaribia robo ya bei ya kiyoyozi chenyewe, pesa ambayo mwanzoni ingetosha kupaka bati rangi nyeupe na kubaki. Tukalihamishia mbele ya nyumba, juu, kuelekea barabarani. Nikatoa na kioo kimoja cha dirisha la mama nikaweka wavu mtupu, na kiyoyozi tukawa tunakizima saa tisa usiku, hewa ya nje inapokuwa imepoa. Jioni ile Shangazi alifungua dirisha lake. Nilimsikia akiwaimbia watoto.

Siku ya pili, baada ya Isha, nikatoka barazani kama kawaida. Wazee wa kahawa hawakuwapo. Benchi lao lilikuwa ng'ambo ya barabara, mbele ya duka lililofungwa, na mmoja wao akaninyooshea kikombe kutoka kule kule, akaniuliza kama mama anaendelea vizuri.